Mpika Pombe Aliyeacha Kuonja

Saa tisa alasiri, Mbuke Amosi anafunua pipa la pombe ya mtama. Wachimbaji waliotoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wameshaketi kwenye mabenchi, vumbi la mawe bado liko kwenye kope zao. Wote wanaitazama kata iliyo mkononi mwake.

Wanangoja aonje.

Katika kitongoji hiki cha wachimbaji wadogo, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, ndivyo desturi ilivyo. Aliyepika hunywa wa kwanza mbele ya wateja, wajue hakuna kilichotiwa humo. Asiyeonja ana lake jambo. Na Mbuke, mjamzito wa miezi saba, haonji.

"Wiki iliyopita niliwaambia sionji, wakainuka wote," anasema huku akijifuta mikono kwenye kanga. "Pipa zima likachacha. Na hili likichacha, sina mtaji wa mtama mwingine."

Anaichovya kata kwenye pipa, anaitoa, anaichovya tena.

Mbuke alizaliwa Ushetu kwa wakulima wa tumbaku, akaolewa huku kwenye dhahabu. Kupika alifundishwa na mama mkwe wake, Salvina, mwanamke ambaye walwa wake, pombe kwa Kisukuma, uliwahi kuwafanya watu wapite vilabu vitatu bila kugeuka. Mbuke alipopata mimba ya Loveness, ambaye sasa ana miaka minane, hakukaa kwenye benchi kunywa hata siku moja. Alionja tu. Alionja kimea kikichanganywa, alionja pombe ikichujwa, kisha akaonja mbele ya kila kundi la wateja lililoingia.

"Mimi nilijihesabu si mnywaji," anasema, akicheka kwa uchungu. "Ungeniuliza ningeapa. Lakini jioni nilikuwa napepesuka, nasema ni uzito wa mimba."

Loveness alizaliwa mdogo. Sikio moja likikauka, la pili linatoa usaha. Kifua kikipona, homa inabisha hodi. Shuleni leo anasahau alichokijua jana. Majirani walisema ni mkono wa mtu, na Mbuke akazunguka kwa waganga mpaka miguu ikachoka.

Mimba hii ya pili ilipomfikisha kliniki, nesi aitwaye Rosemary alimuuliza kama anakunywa. Akajibu hanywi, ila anaonja. Nesi akaweka kalamu chini.

"Nilimweleza kwa mambo anayoyajua," anasema Rosemary. "Pombe anayomeza mama humfikia mtoto tumboni. Ubongo wa mtoto una sungusungu wake, chembe zinazoulinda. Pombe ikiingia, ni kama umewapigia mwano, ile kelele ya kuitana kukiwa na mwizi. Wanakurupuka na marungu, mwizi hawamwoni, basi wanapiga vya humo humo ndani. Huko ndiko kuvimba kwa ubongo tunakokusema. Na ulinzi uliokurupushwa hivyo tangu tumboni unaweza kuharibika. Mtoto akishakua, ugonjwa wa kweli ukija, walinzi wengine wamelala, wengine wanapiga wenye nyumba."

Je, ndicho kilichompata Loveness? Rosemary hathubutu kuapa. Maradhi ya watoto yana sababu nyingi, na watafiti bado wanachunguza. Anachosema bila kusita ni kwamba hakuna kiasi cha pombe kilichothibitika kuwa salama kwa mjamzito, hata ukikiita kuonja.

Mbuke alilia njia nzima. Alipofika nyumbani alimwambia mama mkwe kwamba haonji tena. Salvina akapandisha hasira. Yeye alionja katika mimba zake zote, na watoto wake si hao wanalima?

"Niliona kama ananiambia nimewaharibu wanangu," anakiri Salvina. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana tu.

Sasa kwenye benchi Marwa, mchimbaji kutoka Tarime ambaye wenzake humsikiliza, anaweka kikombe chini.

"Mama Loveness, hatuna ubaya na wewe. Lakini mpishi akikimbia chungu chake, mimi nitakula?"

Wawili wanaanza kuinuka. Mbuke anainua kata kidogo kuelekea mdomoni. Baadaye atasema kwamba hapo aliwaza funda moja tu, liishe.

Salvina, aliyekuwa mlangoni akichambua mchicha, ananyanyuka. Anakuja moja kwa moja, anaichukua kata kwa mkwewe, anachota mpaka juu na kunywa yote bila kupumua.

"Imepikwa na nyumba yangu," anasema. "Mwenye shaka akae anitazame. Nikianguka mtanizika, na pombe ya msiba mtapika nyie."

Benchi zima linaangua kicheko. Marwa anasogeza kikombe. "Bibi, kwa koo hilo tuwahi, tutakuta pipa tupu."

Mbuke anamimina huku machozi yanamtoka, vikombe vinafurika, na hakuna anayelalamika. Ni furaha ambayo hata mgeni haimwachi akae kimya.

Mbona Salvina amegeuka?

"Mambo ya ubongo siyajui," anajibu. "Lakini sikio la Loveness likiuma, mimi ndiye ninayekaa naye mapajani analia. Sitaki kukaa hivyo na mwingine."

Jua halijazama, pipa limekauka. Wapika pombe wawili wa jirani wamekuja kuuliza amewezaje kuuza bila kuonja, na mmoja wao tumbo limeshaanza kuonekana. Mbuke anataka kikundi chao cha wapika pombe kiweke waonjaji wa zamu, ili mjamzito yeyote apike bila kuonja, na mteja aridhike. Akishajifungua, akipata mtaji, ataiacha pombe kabisa auze uji kwa wachimbaji.

Na mtoto anayekuja, anamtakia nini? Mbuke anashika tumbo na kufikiri kidogo.

"Akiumwa, aumwe kama watoto wengine, sitaki makubwa. Loveness nilimnywesha bila kumuuliza. Huyu akitaka pombe, akue kwanza, aje kuiomba mwenyewe. Na nitamnyima."