Chui wa Kumsenga

Mwaka 2013 nilikuwa mtunza stoo katika hifadhi moja ya taifa. Mnyama mkali kuliko wote niliowahi kupambana nao kule ni panya wa kwenye magunia ya unga. Lakini wakwe zangu wa Kumsenga nilikuwa nimewaambia kwamba mimi ni askari wa wanyamapori, na mtu mkweli kama mimi haishii njiani. Nilipopata mapumziko ya wikiendi, niliazima sare ya rafiki yangu askari, nikaenda ukweni kupumzika.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uani tunakunywa uji, tukasikia kitu kikichakarisha majani migombani. Wiki hiyo mbuzi wawili wa jirani walikuwa wameliwa.

"Mkwe, nadhani ni chui," baba mkwe akasema kwa utulivu. "Bahati nzuri upo."

Majirani wakasogea kutazama utaalamu. Niliwaamuru wakae kimya, nikawaeleza kwamba chui hutafutwa kwa kufuata upepo, kisha nikapiga hatua tatu za kijasiri. Migomba ikatikisika. Sikumbuki nilivyofika juu ya mparachichi, ila kiatu kimoja kilibaki chini, na sauti yangu ilisikika kijiji kizima ikimwita mama.

Aliyeitika ni mama mkwe. Alitokea migombani na mzigo wa majani makavu kichwani, panga mkononi. Akanitazama kule juu, kisha akainamisha macho kwa heshima, maana mkwe hatazamwi ovyo.

"Baba, shuka taratibu," akasema. "Tawi hilo limeoza."