Kichwa cha Kinyanjui Kilichokaa Mwezi

Kwa miaka kumi na tatu, kichwa cha Kinyanjui ndicho kilikuwa tangazo langu. Mteja mgeni akiingia kinyozi yangu hapa Kiplombe na kuuliza kama nywele zitakaa shepu hadi mwisho wa mwezi, nilimwonyesha lile duka la chakula cha ng'ombe ng'ambo ya barabara. "Mwone yule mzee aliyeegemea gunia. Nilimnyoa wiki tatu zilizopita. Kuna kitu imeharibika hapo?" Hakukuwa na kitu. Shingo safi, pembeni kumenyooka, ungedhani ametoka kwangu asubuhi hiyo. Basi mimi Omollo nikawa fundi mkubwa, na sikuona haja ya kujishusha.

Kinyanjui naye kujishusha hakukujua. Alisifu ng'ombe wake, alisifu duka lake, hata mimi alinisifu kila mahali. Aliyekosa sifa ni mkewe tu, Waceke, ambaye ndiye aliyekuwa akiuza kwenye hilo duka kutoka asubuhi hadi jioni huku bwana akipokea salamu.

Siku moja mwezi wa tano, duka limejaa watu, Waceke akamwambia anataka kwenda Ainabkoi siku mbili kumwona kaka yake. Bwana mkubwa akacheka. "Enda hata mwezi. Kwani nani atajua haupo?" Wateja wakacheka pia, maana wengine walikuwa wanangoja kukopeshwa pumba. Waceke hakucheka. Alivua aproni, akaikunja, akaenda.

Siku mbili zikawa wiki tatu. Kisha kaka yake, Mbuthia, akapiga simu: kama Kinyanjui anamtaka mke wake, aje na watu wazima, wakae chini, ajieleze. Hivyo ndivyo inavyofanywa kwao. Asipokuja, au akija na maneno mabaya, Waceke habanduki huko.

Sasa, mtu mwenye akili angekaa afikirie atasema nini. Kinyanjui alikuja kunyolewa.

"Omollo, nipe ile yako ya kukaa," akasema. "Wakiniona tu wajue sijateseka hata kidogo."

Ati hiyo ndiyo ilikuwa mipango ya kurudisha mke! Lakini mimi kazi yangu ni nywele, si ushauri. Nikamnyoa vizuri. Laini ya mbele, ule mstari wa nywele juu ya paji, sikuirudisha nyuma, kwa sababu ukiirudisha, siku ya nne vinywele vinachomoza mbele yake na kukuaibisha. Nilifuata pale nywele zenyewe zinapoanzia. Pembeni nikapunguza kuliko juu, maana pembeni ndiko hufura kwanza. Nikampaka spirit, akaruka kidogo, akaenda zake akijitazama kwenye vioo vya magari.

Mvua ikanyesha, barabara ya kwa Mbuthia ikawa matope, kikao kikasogezwa. Siku ya tisa Kinyanjui akarudi amefura, yeye pamoja na nywele zake. "Tazama kisogo changu! Umenifanyia nini?" Nikamnyoa tena. Kisha kukawa na mazishi huko Ainabkoi, kikao kikasogezwa mara ya pili, na siku ya nane huyo hapo mlangoni tena, wateja watatu wakisikiliza.

"Mashine imezeeka ama ni wewe umezeeka? Afadhali ningeenda kwa wale vijana wa mjini."

Hapo nikapandwa na hasira. Wale wateja walikuwa wameanza kuangaliana.

"Mzee, kichwa ni kile, mkono ni ule, mashine ni ile. Nywele za shingo humea kila wiki kwa kila mtu, hata kwa tajiri kama wewe. Miaka hii yote nani alikuwa anazitoa?"

"Hakuna mtu." Akafikiria kidogo. "Ni Waceke tu. Jumamosi jioni aliniambia nikae kwa stuli, niiname, anapitisha wembe huku nyuma na hapa kando ya masikio. Kitu kidogo tu."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilisikia uso ukiwaka, kwa sababu kumbe miaka kumi na tatu nilikuwa nakula sifa za mwanamke wa watu. Kinyanjui alijishika kisogo akikitazama kwenye kioo, na macho yakamjaa machozi. "Ngai, Mungu wangu," akasema, "mbona nilisema vile?" Nilipowasha mashine, akanishika mkono. "Wacha. Usiguse."

Jumapili tulienda Ainabkoi watu watatu: yeye, ndugu yake mkubwa Irungu, na mimi, kwa sababu marafiki zake wengine wote ghafla walikuwa na kazi nyingi. Kwa heshima yangu, mgeni, wenyeji wakaongea Kiswahili. Mbuthia alipomwambia ajieleze, Kinyanjui akasimama na kile kichwa, kimefumka kila upande.

Kabla hajaanza, Waceke aliingia na thamosi ya chai. Akapita nyuma ya mumewe, akasimama.

"Kumbe Omollo alikufa?"

"Niko hapa, Mama," nikasema.

"Basi mbona humnyoi bwana yangu? Si wewe ndiye fundi?"

Watu wakacheka. Nilitamani kuingia chini ya kiti. "Fundi ni wewe, Mama," nikasema, na haikuwa rahisi kusema hivyo.

Kinyanjui akageuka kumtazama mkewe. "Sikuja kujieleza," akasema. "Nilikutukana mbele ya watu, na mbele ya watu nasema nilikosea. Nimeshindwa na duka, nimeshindwa na nyumba, nimeshindwa hata na shingo yangu. Usiporudi nitasema ni haki yako. Lakini nakuomba."

Mbuthia alikuwa na maswali yake ameyaandika kwenye karatasi. Alivaa miwani, akakohoa, akafungua mdomo. Waceke akaweka thamosi mezani mbele yake.

"Wamiminie chai, kaka," akasema. "Mimi wacha niende nichukue sweta ya njiani."