Mwamba wa Kuanikia Mtama

Juzi nimeshuka kwenye basi la Kiomboi, mwenzangu, nikamkuta mkamwana wangu ameinama pembeni ya lami, anatandaza mtama kwenye turubai. Hata shikamoo yake sikuiitikia sawasawa.

"Chakula barabarani? Nyumbani huna uwanja?"

"Uwanja una vumbi, mama. Hapa panakauka upesi."

Maneno hayo hayo bibi yangu aliyasema kuhusu mwamba wetu wa kuanikia.

Ulikuwa pale pale kilimani barabara inapopita leo, mpana, mtupu kama kipara cha mzee. Baada ya mavuno wanawake walipanda na mtama kichwani, wakaupura kwa magongo, pu, pu, huku wanaimba, na makapi yanatuwasha shingoni. Sisi watoto tulifukuza ndege na mbuzi. Jiwe lilichoma nyayo, lakini nani athubutu kupanda na viatu? "Wewe! Unakanyaga sahani!" bibi alifoka, na fimbo ilifuata. Msimu wa mvua maji yalituama kwenye vishimo vya mwamba. Tuliyanywa kwa viganja, ya baridi, yana ladha ya jiwe.

Barabara ilipokuja, mwamba ulipasuliwa kokoto. Bibi alishakufa, nashukuru hakuisikia baruti ile. Kilima kikachongwa, miti ikang'olewa. Mvua iliyofuata ikakosa pa kutulia, ikateremka mbio na kuchimba korongo katikati ya shamba letu. Ng'ombe akiingia humo humwoni pembe. Nilikasirika miaka, nikawa napita njia ya zamani ya miguu kwa ukaidi tu.

Lakini niseme kweli. Mama yangu aliposhikwa na uchungu wa mdogo wangu, wanaume walimbeba kwa kitanda kuteremka kilima kile kile. Mimi nyuma, nimeshika pindo la kanga yake. Hakufika hospitali. Mkamwana wangu huyu naye uchungu ulimkwama, mwaka ule lami ilipokamilika. Gari lilimfikisha Kiomboi kabla chungu nilichokiacha jikoni hakijachemka. Yuko hai. Mtoto yuko hai. Ningesema nini tena?

Mkamwana akaniona naitazama lami, akacheka. "Mama, kwani kokoto hizi zilitoka wapi? Si jiwe lenu hili?"

Sikuwa nimewaza hivyo hata siku moja.

Vile vishimo vya maji havipo, na wale wanawake wa magongo wamelala kaburini. Korongo lipo, kila mvua linakula shamba. Kwa barabara namshukuru Mungu. Kwa korongo sishukuru, na waliokichonga kilima wangepaswa kulitazama.

"Sogeza turubai huku ndani," nikamwambia. "Malori hayana adabu."

Kisha nikavua kandambili, nikakanyaga ukingo wa lami ili nimsaidie kugeuza mtama. Ilichoma nyayo vile vile.