Maneno ya Mzee Pyo

Shemeji yangu Pyo Insu, mume wa dada yangu, alikuwa na aibu moja maishani, nayo ilikuwa baba yake. Mzee aliuza kuni. Alizileta kwa ng'ombe kutoka kijijini hadi Lango la Magharibi la Seoul, akibishana na yule mnyama njia nzima. Kwa kuni hizo hizo Insu akasomeshwa, akafanya mtihani wa serikali mara kwa mara, na kila mara akaanguka. Akabaki na kofia ya msomi na kucha safi. Mwacha asili ni mtumwa, lakini nani angemwambia?

Kisha akaajiriwa na Mzungu mmoja, Bwana Tolmi, aliyekuwa akiandika kitabu cha kuwafundisha watu wa kwao jinsi sisi tunavyosema. Kazi ikamkolea. Miaka ilipita wakiulizana na kuandika, na Insu akawa anakitaja kile kitabu kama mtu anayengoja mtoto. Ila maneno aliyompa Tolmi yalikuwa ya mabwana tu.

"Na watu wa sokoni husemaje?" Tolmi aliuliza siku moja, nami nimekaa pale. "Baba yako, kwa mfano, humwambia nini ng'ombe wake?"

"Baba yangu hasemi na ng'ombe," Insu akajibu bila kupepesa.

Nami ndiyo kwanza natoka langoni, nimemsikia mzee akimtukania yule ng'ombe ukoo wake mzima. Nikamwachia uongo wake. Shemeji ni shemeji.

Baridi ilipokaza, mzee akafa. Kwetu mwana akifiwa na baba huvaa katani, hukaa kwenye kibanda cha nyasi kando ya kaburi, hunywa uji mwepesi, wala hafanyi kazi mpaka mwaka wa tatu. Kitabu kilikuwa kimebakiza sehemu ya mwisho, ile ya maneno ya watu wa kawaida, na meli ya kukipeleka kwa wachapaji Japani ingeondoka kabla mashamba hayajalimwa. Baba yake mkubwa alilijua hilo, akamwonya pale pale kaburini.

"Ukishuka mlima huu kumfuata Mzungu wako, usiniite tena baba mkubwa. Ulimwonea haya ndugu yangu akiwa hai. Na maiti yake je?"

Insu akanigeukia mimi. "Nenda kamwambie Tolmi atafute mwalimu mwingine," akasema.

Tolmi hakutafuta mwalimu. Alipanda mlima kwa miguu, akasujudu kaburini vibaya vibaya, lakini akasujudu, kisha akaketi mkekani kama yeyote aliyekuja kuhani msiba. Na anayekuja kuhani ana ruhusa ya kuuliza habari za marehemu. Hapo baba mkubwa akashuka zake mlima.

"Nieleze habari za baba yako," Tolmi akasema. "Alikuwa akisema nini?"

Insu akaweka chini bakuli la uji.

"Alikuwa akisema na ng'ombe," akasema.

Basi yakamtoka. Vile mzee alivyombembeleza mnyama mlimani: "Haya, mzee mwenzangu, nikopeshe hatua moja tu." Vile alivyonadi: "Kuni zangu zinawaka, za jirani zinalia." Na vile alivyompokea mwanawe kila alipoanguka mtihani: "Umekula? Kama hujala, usiniambie kitu." Insu alisema huku akilia, tena si kile kilio cha asubuhi na jioni kinachotakiwa na desturi. Tolmi akaandika, akarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Baba mkubwa alikuja kupeleleza, akasimama nje akisikiliza, mwishowe akaingiza kichwa.

"Umesahau alivyomjibu askari wa lango," akasema, akaketi.

Kitabu kikaondoka na meli. Jina la mzee halimo.

Matanga yalikuwa yamekwisha zamani, siku ya mvua, kijana Mzungu alipobisha mlangoni kwa Insu. Alikuwa ametua nchini juzi tu, lugha yetu amejifunza melini kwa kile kitabu. Insu akatoka na kofia yake ya msomi. Kijana akainama, akayakusanya maneno yake taratibu.

"Umekula? Kama hujala, usiniambie kitu."

Dada yangu akacheka ndani. Mgeni gani humwuliza mwenyeji hivyo? Insu hakucheka. Alishika mwimo wa mlango.

"Bado, baba," akamjibu, akamkaribisha ndani.