Mkono wa Mbali

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, Baukje alikata mkate mweusi, akaweka jibini yenye karafuu, akanisukumia sahani. Nje manyunyu. Akaniambia vifungo vya shati langu vimepishana. Nikafungua, nikafunga upya. Akatoka kulisha kuku, hakurudi. Moyo, alisema daktari.

Mazishini watu walisema mke wangu alikuwa mwema. Wema wako wengi. Mimi sikusoma na maneno yangu ni machache, kwa hiyo nitasema habari za gari tu.

Baukje aliendesha gari la mikate la kijiji chetu, hapa Friesland, mkoa wa mifereji, tangu usichana mpaka mvi. Nyumba hadi nyumba, anashuka, anapanda. Na kila aliposhuka alifungua mlango kwa mkono wa mbali. Dereva wa kwetu hukaa kushoto na mlango uko kushoto, lakini anayejua huufungua kwa mkono wa kulia. Ukivusha mkono hivyo mwili unageuka wenyewe, na jicho linaona kama baiskeli inakuja nyuma. Baba yake alimfundisha kwa kumfunga mkono wa kushoto na kitambaa. Anayefungua kwa mkono wa karibu, Baukje hakumwita dereva.

Kisha akaanguka kwenye barafu, akiteleza kwa viatu vya chuma juu ya mfereji ulioganda, yeye na wanawake wenzake. Bega la kulia likavunjika, likaunga vibaya.

"Mama, usukani basi tena," alisema binti yetu Hiske.

"Ataendesha nani? Huyu baba yako anayesalimia nguzo?"

Kweli, macho yangu yamekwisha.

Lakini alikuwapo Tettje, dada yake wa pekee, aliyeolewa Norwe, kwenye shamba la mlimani ambako basi halifiki. Miguu ya Tettje haimtoi tena nyumbani. Baukje alitaka kumwona, na alitaka kujipeleka mwenyewe.

"Nitakodi gari huko," alimwambia Hiske. "Siku nitakayoshindwa kufungua mlango kwa mkono wa mbali, ufunguo nitakupa wewe, na sitauomba tena."

Alimaanisha. Usiku nilimsikia akilinyoosha bega gizani.

Tuliposhuka kwenye ndege, msichana wa magari ya kukodi, Ragnhild, alitupeleka kwenye gari refu jeusi.

"Hili ndilo la milima, mama. Lina nguvu."

Mimi nililipenda papo hapo. Sisi ni watu wa nchi tambarare. Kwetu hata ng'ombe akijikwaa habingiriki. Ile milima nilikuwa nimeshaiona kwenye dirisha la ndege.

Baukje akapanda, akafunga mlango, akavusha mkono wa kulia. Kiti kilikuwa kipana na mlango uko mbali. Vidole vikaishia hewani. Akajaribu tena, akauma mdomo. Akashuka kwa mkono wa kushoto, na uso wake ukawa wa mtu aliyetukanwa.

"Lingine, mwanangu."

La pili, vilevile. Ragnhild akanitazama.

"Bibi anatafuta nini?"

"Mlango," nikamwambia.

"Yote yana milango, mzee!"

"Huyu binti hajajua mlango ni nini," Baukje akasema. "Lile dogo pale kwenye pipa la taka, ni la nani?"

"Lile? Lile wanachukua wanafunzi, mama. Mlimani litakohoa."

"Hata huyu mume wangu anakohoa, na nimefika naye mpaka hapa."

Ragnhild akacheka, akaleta ufunguo. Ndani ya kile kigari magoti yangu yaligusa kidevu. Baukje akavusha mkono. Vidole vikagusa kitasa, vikateleza, vikashika. Jasho lilikuwa limemtoka usoni.

"Baba Hiske, pakia mizigo."

"Na milima je?"

"Milima haina haraka. Sisi tuna haraka gani?"

Tulipanda kwa gia ya chini, malori yakitusukuma kwa honi. Kwenye kila kona nilifumba macho.

"Fumbua," alisema. "Kwani ukifumba ndiyo nini? Huoni hata ukifumbua."

Lakini kadiri tulivyopanda, mkono wa kulia aliulaza mapajani kila barabara iliponyooka. Nilijua bega linakaza. Kule kwenye maegesho lilikuwa limepumzika. Sasa lilikuwa limebeba mlima mzima. Nikaanza kuliogopa lile shamba kuliko zile kona.

Tukafika. Akazima injini. Tettje alikuwa amekwisha kutuona, anakuja na fimbo zake mbili, analia na kugomba kwa pamoja.

"Baukje! Mmekuja na kopo la samaki! Hamkupata gari la watu?"

Mkono wa kulia wa Baukje ulikuwa umeanza kuvuka kifua, polepole. Ukasimama njiani. Nilitaka kuusukuma, nikaikalia mikono yangu. Ukaendelea. Akageuka, akatazama nyuma, kwenye ua usio na baiskeli hata moja, na vidole vikashika kitasa.

Tettje akawahi nje, akakamata mlango avute. Baukje akamwambia kupitia kioo:

"Sogea, Tettje. Nashuka mwenyewe."