Mha Kuomba Kura kwa Wasukuma

Mama alipochukua fomu ya kugombea udiwani, mimi ndiye niliyenuna. Sisi ni Waha wa Kigoma, na kata yetu huku machimboni Geita imejaa Wasukuma, wakifuatiwa na Wazinza. Kwenye kura za maoni za chama watu hawazunguki mbuyu: kila mmoja na wa kwao. Waha tungeenea kwenye bajaji moja na nafasi ikabaki.

"Mama, unakwenda kuaibika," nikamwambia.

Akaendelea kuchambua maharage ya mgahawa wake, jirani na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mfanyabiashara wa Kisukuma, mtoto wa dada yake bibi jirani yetu. Ana gari, ana maneno matamu. Wapambe wetu wakamshauri mama aseme kwao ni Kahama, na salamu atoe kwa Kisukuma. Kisukuma anakijua, anagombania bei nacho sokoni kila siku. Akakataa katakata.

"Nikiwadanganya kwetu ni wapi, wataniamini kwa lipi?"

Ndivyo alivyo. Huku msiba ukiingia, wanawake wa jirani hubeba maji hadi nyumba ya wafiwa kabla ya kuitwa. Mama hakosi, hata siku ambayo mgahawa umejaa wachimbaji wenye njaa.

Siku ya kura akasimama mbele ya wajumbe na khanga yake ya kila siku. "Mimi ni Mha, mnanijua," akaanza. Mpambe mmoja wa yule mfanyabiashara akanyoosha mkono.

"Mama, siku ukifa utazikwa wapi?"

Kwetu huku mgeni akifa husafirishwa kwao, na asiye na kaburi hapa hahesabiwi mwenyeji. Swali la kishenzi lile. Nilitamani nimkabe.

Mama hakupandisha sauti. "Nitazikwa hapa, pembeni ya mume wangu. Kaburi lake mlilichimba ninyi. Na wewe unayeuliza ulishika sururu."

Yule bwana akakaa. Mimi nilivimba kifua, sikuona haya, nikawaambia watu nisiowajua kwamba yule ni mama yangu.

Kura zikahesabiwa, mama akaongoza. Nikajaribu kupiga hesabu yangu ya makabila, ikagoma. Hata Waha wote wangempigia mara mbili, isingefika.

Jioni nikapita kwa bibi jirani, naye ni mjumbe. Nilijua nitamkuta amenuna kwa ajili ya mpwa wake. Nikamkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo bibi. Pole kwa matokeo."

"Marahaba. Pole ya nini, na mimi nimempa mama yako?"

Akaweka ungo chini.

"Yule ni damu yangu, mtoto wa dada yangu. Nikifa atakuja na gari. Mama yako atakuja na maji."