Abdia na Mabati ya Kuazima

Saa moja asubuhi, Minjila, kaunti ya Tana River, na Abdia Bule hana nafasi ya salamu ndefu. Anamimina maziwa kidogo kutoka kila mtungi, anayachemsha kwenye sufuria ndogo, anatazama. Yakikatika, mwenye mtungi anarudi nao nyumbani, hata awe ndugu yake.

"Maziwa hayajui udugu," anasema, huku akimrudishia shemeji yake mtungi bila haya.

Mama huyu wa Kiorma, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, hukusanya maziwa ya wanawake kumi na tisa wafugaji. Kwa siku hupata lita tisini hivi. Huyaweka kwenye friza, kisha huyapeleka Malindi. Bila friza, maziwa hayo huuzwa hapa hapa kabla ya adhuhuri kwa bei ya kutupa, na yakibaki, yanamwagwa.

Mwaka jana friza hiyo ilimponyoka.

Ilikuwa Jumanne alasiri, mwezi wa Aprili. Upepo uliokuja na mvua uling'oa paa la banda lake, ambalo chumba chake cha nyuma ndimo anamolala na binti yake Sabdio. Mabati kumi na manne ya rangi ya buluu yalipeperuka, boriti moja ikaiangukia friza, na mvua ikamalizia kazi.

"Nilisimama nje nimelowa chapachapa. Nilishukuru Mungu mimi na mtoto tuko wazima, lakini moyo ulikufa ganzi," anasema.

Kilichompa nguvu ni bima. Kwa miaka mitatu, kupitia chama cha akina mama, alikuwa akilipa shilingi elfu tatu na mia sita kwa mwaka. Akapiga simu jioni ile ile, akaambiwa mkaguzi atakuja.

Sasa, watu wa huku wana mwiko wao: nyumba ya jirani hailali wazi siku ya pili. Jumatano, kabla chai haijachemka, Nzai Mwaro, mkulima Mgiriama wa jirani, alibisha hodi akiwa na makuti, misumari na watu wanane. Wanaume wakaezeka. Wanawake wakafagia matope, wakaisugua friza hadi ikang'ara. Kufikia alasiri, ungedhani dhoruba ilipita kaunti nyingine.

Abdia hakuwa na cha kuwapa isipokuwa shukrani. Basi mabati yaliyookotwa vichakani, yamejikunja na kutoboka, akawagawia. Huyu akafunika banda la kuku, yule akaziba zizi la mbuzi.

Jumatatu akaja mkaguzi, kijana mpole aitwaye George. Akatazama juu, makuti mapya. Akatazama chini, sakafu safi.

"Mama, hiyo dhoruba ilipita wapi?" akauliza.

Kumbe mkataba, ulioandikwa Kiingereza kitupu, ulikataza kuhamisha chochote kabla ya ukaguzi au kupigwa picha. Picha haikuwepo hata moja. Na friza, George alisema, huenda ilikufa kwa uzee tu. Akampa siku saba alete ushahidi, la sivyo dai lake lifungwe.

"Tulijua tunamtendea Mama Sabdio wema," Nzai anasema akitikisa kichwa. "Kumbe tunamchimbia kaburi kwa mikono yetu."

Ushahidi pekee ulikuwa yale mabati, na alishayagawa. Hapo ndipo palipomkaba. Kwao, ukitoa umetoa. Anayedai zawadi yake hana uso wa kuonyesha watu.

"Siku mbili nilijiuliza," anakiri. "Niende kwa mtu niseme nirudishie nilichokupa? Bora njaa. Lakini wale kumi na tisa nao wana watoto. Nikajikaza."

Akajifunga kibwebwe. Alizunguka boma kwa boma kwa siku tatu, hadi kijiji cha Kulesa, ambako bati moja lilishakuwa mlango wa jiko. Kila alipofika alisema maneno yale yale: "Naomba uniazime bati lako siku moja."

Bati lako. Hakusema langu hata mara moja, na hakuna aliyemnyima. Bibi mmoja, Qabale, alifunua banda la kuku papo hapo, na kuku wakashinda ndani ya nyumba yake. Elvis, fundi wa friza pale Garsen, naye alifungua mashine, akakuta matope ndani, akaandika barua bila kudai hata nauli.

Siku ya saba George alikuta mabati kumi na mawili yamepangwa uwanjani, na kando ya kila moja amesimama aliyeliazimisha. Nzai akafunua makuti upande mmoja, akalaza bati juu ya boriti. Matundu yakakutana na misumari ya zamani.

George alipima, akapiga picha, akaandika. "Basi, mama, niandike kumi na manne?"

"Andika kumi na mawili, mwanangu," Abdia akamjibu. "Yale mawili hujayaona, nami sijayaona tangu siku ile."

Jioni hiyo alirudisha kila bati alikolitoa. Baada ya wiki sita zikaingia shilingi elfu sitini na moja, bei ya friza na mabati kumi na mawili.

Sasa anadunduliza apate friza ya pili kwa ajili ya wanawake wa Kulesa. Katika chama, hakuna anayetia sahihi mkataba wa bima kabla ya kusomewa kwa Kiswahili, neno kwa neno. Yeye ndiye aliyelishikilia hilo.

Na upepo ukirudi, atawazuia majirani hadi mkaguzi afike?

Abdia anacheka hadi anaweka mtungi chini. "Niwazuie? Nitapiga picha dakika tano, kisha waingie kazini. Bima imeninunulia friza, siibezi. Lakini George aliponikuta, mimi na Sabdio tulikuwa tumeshalala usiku tano chini ya paa."